Barua ya wazi kwa Kamati Kuu ya timu yetu: mpeni kocha mpya nafasi ya kufanya kazi

Kwa Mwenyekiti, Katibu Mkuu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati Kuu,
Mombasa.

KUH: KOCHA MKUU MPYA, MATUMAINI YETU NA MASHAKA YETU

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni mashabiki na wanachama wa timu kutoka Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita. Maneno haya tuliyaleta kwanza ofisini kwenu. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, jibu halikuja. Mkutano na mashabiki mlioahidi siku ya kumtambulisha kocha umeahirishwa na kuahirishwa mpaka sasa hakuna anayetaja tarehe. Ndiyo maana leo tunasema hadharani.

Kwanza ijulikane kwamba hatuna ugomvi na kocha. Tumempokea kwa mikono miwili. Ametoka nje ya nchi na kazi yake ya nyuma inaonekana, na kwenye mazoezi ya wazi tumemwona akisimamisha mchezo, akimshika kijana bega na kumwonyesha alipopaswa kusimama, bila matusi. Mashaka yetu makubwa yako kwenu. Makocha waliomtangulia nao walipokewa kwa ngoma na vigelegele, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na yaliyowaangusha yakabaki pale pale. Tunayataja hapa, pamoja na mashaka machache tuliyo nayo kuhusu ufundi wa kocha mwenyewe.

1. Nani anapanga kikosi?

Tunaanza na hili kwa sababu likiharibika, mengine yote hayana maana. Msimu uliopita majina yalikuwa yakibadilishwa kwa simu asubuhi ya mechi. Kiungo aliyefanya mazoezi wiki nzima anajikuta benchi, na nafasi yake inakwenda kwa mtu ambaye Jumanne na Jumatano hakuonekana uwanjani. Wachezaji wanajua, na sisi tunajua. Kocha ambaye neno lake limevunjwa mbele ya wachezaji hana tena uwezo wa kumwadhibu anayechelewa mazoezi.

Wakati wa mechi ni vile vile. Sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji watano, lakini mchezo usimamishwe mara tatu tu, mapumziko yakiwa hayahesabiwi. Mjumbe akisimama jukwaani kupiga kelele fulani atolewe, na benchi likamsikiliza, nafasi zote tatu zinakwisha kabla ya dakika ya 70. Beki akiumia dakika ya 80, timu inamaliza na watu kumi.

Na usajili? Kocha ameletwa wachezaji wakiwa wameshasajiliwa. Amekuta mawinga wamejaa, na beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto ni mmoja tu. Huyo akipata kadi au akivutwa msuli, anawekwa beki wa kulia upande huo. Kila akipanda lazima arudi ndani kutafuta mguu wake, na winga wa mpinzani anapata njia nzima. Dirisha lijalo la usajili liwe la kocha. Yeye aseme nafasi gani inahitaji mtu na mtu wa aina gani, nanyi mtafute pesa na kufunga mkataba.

2. Joto la Mombasa na mpira anaotaka kucheza

Hapa tuna mashaka na kocha mwenyewe, na tunaomba mumfikishie.

Amesema anataka timu ikabe kuanzia juu, kwenye boksi la mpinzani, kwa dakika zote 90. Tunaupenda mpira huo. Lakini kuanzia Januari mpaka Machi joto la hapa mchana hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa hewa ni mwingi mno. Kinachompoza mchezaji ni jasho kukauka juu ya ngozi. Hewa ikishashiba maji jasho halikauki, linachuruzika tu, na mwili unaendelea kupanda joto. Mechi ikianza saa tisa alasiri, utaona kuanzia dakika ya 60 straika anamkimbilia beki peke yake, viungo wako hatua ishirini nyuma yake, na katikati kumebaki uwanja mtupu. Hiyo si presha tena. Mpinzani anapiga pasi moja tu kupita hapo katikati, anakutana na mabeki wetu uso kwa uso.

Njia ipo. Timu ikabe juu kwa vipindi: dakika 10 hadi 15 za mwanzo, dakika 10 baada ya mapumziko, na kila inapotokea ishara ambayo wachezaji wote wameifanyia mazoezi. Ishara zenyewe ni pasi ya nyuma iliyokosa nguvu, beki aliyepokea mpira akiwa ameangalia lango lake, au mpira wa kurusha karibu na kona yao. Wakati mwingine wote timu ishuke hadi katikati, na kati ya beki wa mwisho na straika pasizidi mita 30 au 35. Hapo mtu anakimbia kidogo na bado njia za pasi zimefungwa.

Upande wa maji, kuna kazi inayohitaji mizani moja ya kawaida na daftari. Kila mchezaji apimwe uzito kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, akiwa na bukta tu na ameshajifuta jasho. Mchezaji wa kilo 70 akipungua kilo moja na nusu ameshapita asilimia 2 ya uzito wake, na hapo kasi na umakini huanza kushuka. Kwa kila kilo aliyopoteza, anywe kama lita moja na nusu katika saa zinazofuata, kidogo kidogo, maji yakiwa na chumvi na sukari kiasi. Madafu ni mazuri na tunayo tele, ila chumvi yake ni kidogo ukilinganisha na inayotoka kwenye jasho, kwa hiyo peke yake hayatoshi. Baada ya wiki mbili daftari litamwonyesha kocha nani anapoteza maji mengi, na huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza wakati wa kubadilisha.

Tena, sheria namba 7 ya mchezo inakubali mapumziko mafupi ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu, iwapo kanuni za mashindano zinayaruhusu. Hilo ni jambo la kuandikiwa waandalizi wa ligi mapema na Katibu. Kumlilia refa dakika ya 30 mchezo ukiendelea hakusaidii.

3. Uwanja

Kocha anataka kipa aanze mchezo kwa pasi fupi. Tangu 2019 sheria inaruhusu beki apokee goli-kiki ndani ya boksi, na timu nyingi zinatumia nafasi hiyo. Sasa tazameni uwanja wetu. Mbele ya lango la upande wa barabarani nyasi zimekwisha kabisa. Kuanzia mstari wa goli mpaka alama ya penalti ni mchanga, na mpira ukitua hapo unakufa. Hatua mbili pembeni udongo umekauka na kushika kama saruji, na hapo mpira unaruka mpaka kifuani. Pasi ya mita kumi kutoka kwa kipa inapita sehemu zote mbili kabla ya kumfikia beki. Beki anautuliza kwa goti, straika wa wageni ameshafika. Bao likiingia, lawama ni za kipa.

Kurekebisha sehemu hiyo peke yake si mradi wa mamilioni. Udongo mgumu uchimbuliwe, uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza, usawazishwe kwa ubao mrefu, kisha upandwe vipande vya ukoka vilivyobanana. Umwagiliwe asubuhi na jioni, na lango lile lifungiwe wiki sita hadi nane. Mazoezi ya kupiga golini yahamie kwenye lango la kusogezwa. Tatizo letu la kila mwaka ni maji. Visima vingi vya kisiwani na vya karibu na bahari vina chumvi, na mkimwagilia maji hayo tu, nyasi changa zinaungua ncha na kufa. Nunueni maji matamu ya boza kwa wiki za mwanzo, na tangi lifungwe kukinga maji ya mvua. Nyasi zikishashika zikatwe sentimita mbili na nusu hadi tatu, na zisikatwe zaidi ya theluthi moja kwa wakati mmoja. Mara ya mwisho ziliachwa zikawa ndefu, zikakwanguliwa mpaka mizizi siku mbili kabla ya mechi, na jua likamaliza kazi.

Mpaka matengenezo hayo yaishe, tunamwomba kocha kipa apige mpira mrefu kuelekea upande wa winga mrefu, na viungo wawili wasogee kuwania mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa hewani. Pasi fupi zingoje uwanja.

4. Safari za bara

Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480 kwa barabara. Timu inapandishwa basi usiku, inafika alfajiri, inapewa chai na mkate, inacheza alasiri hiyo hiyo. Mchezaji hakulala, miguu imevimba kwa kukaa, na ameepuka kunywa maji njiani kwa kuwa basi halisimami. Halafu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nasi tunatoka ufukweni. Hewa ni nyepesi, pumzi inakata mapema, na mpira unakwenda kasi na mbali zaidi ya tulivyozoea. Mara ngapi tumeona krosi zetu zikipita juu ya mlingoti wa pili, na kipa wetu akikosea hesabu ya mpira mrefu?

Hatuombi ndege. Tunaomba treni ya mchana kutoka Miritini, siku moja kabla ya mechi za Nairobi na siku mbili kabla ya mechi za Kisumu na magharibi, na saa moja ya mazoezi mepesi jioni ya kufika: makipa wapigiwe mipira ya juu, wapiga krosi na frikiki wapime nguvu ya mguu. Mtasema hakuna pesa. Basi hilo hilo, waheshimiwa, huwa na viti vya wajumbe na wageni wao, na hoteli huwa na vyumba vyao. Tunaomba msafara wa ugenini uwe wachezaji, benchi la ufundi, daktari na mjumbe mmoja, na kitakachookolewa kilipie usiku mmoja wa wachezaji kulala.

5. Ramadhani

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, yaani ndani ya joto kali na katikati ya ligi. Wachezaji wetu wengi hufunga. Kocha mgeni asipoambiwa mapema atapanga mazoezi ya mbio saa nne asubuhi, kisha aseme vijana ni wavivu. Mwelezeni sasa. Mazoezi mazito yawe usiku baada ya tarawehe, penye taa. Mazoezi mepesi ya pasi na mipango yawe dakika 40 kabla ya magharibi ili yaishe kwa futari. Daku ipangwe kwa wanaokaa kambini, iwe na chakula kinachokaa tumboni na maji ya kutosha. Kufunga au kutofunga siku ya mechi ni hiari ya mchezaji mwenyewe na imani yake, na asiulizwe mbele ya wenzake.

6. Mipira iliyokufa: kona na frikiki

Tumefungwa mabao mengi ya kona, na mengi yanafanana: mpira unapigwa mlingoti wa karibu, mtu wao anaugusa kidogo kwa kichwa, mwingine anamalizia mlingoti wa mbali hakuna aliyemshika. Kwenye mazoezi ya wazi tulimwona kocha akitumia muda mrefu kwa mpira wa kuchezwa chini, na kona tukaona zikipigwa mwishoni, watu wamechoka, bila mpinzani. Tunamwomba dakika 15, mara mbili kwa wiki, dhidi ya kikosi cha pili kinachotaka kufunga kweli. Mtu mrefu asimame mlingoti wa karibu na asiondoke. Watatu wakae kwenye mstari wa boksi dogo, wengine wamshike kila mtu wake tangu anapoanza kukimbia. Mmoja abaki ukingoni mwa boksi kwa mpira unaotolewa, na kipa apige kelele mapema akitoka. Timu ya kiwango chetu ikifunga bao la kona mara kwa mara na ikaacha kufungwa ya kona, msimamo wake kwenye ligi unabadilika.

7. Watu wa kumsaidia

Kocha mmoja hatoshi. Kocha wa makipa ndiye huyo huyo anayebeba mipira na kusimamia mavazi. Tunataka kocha wa makipa anayefanya kazi hiyo tu, mtu wa tiba ya viungo kila siku ya mazoezi, na msaidizi wa hapa hapa Pwani anayejua lugha ya vijana na anayeweza kumfikishia kocha yale mchezaji anayoona haya kuyasema. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, hayahitaji vifaa zaidi ya koni na mipira, na yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha ya goti, kifundo na misuli ya paja. Mechi zirekodiwe kwa simu iliyofungwa juu ya kigingi kwenye mstari wa katikati, ikionyesha wachezaji wote kumi na mmoja. Video zinazofuata mpira tu hazimsaidii kocha kuona beki wa upande wa pili alikuwa wapi.

8. Mishahara na mkataba

Kwa ufupi: lipeni kwa tarehe. Mchezaji anayeendesha bodaboda usiku ili alipe kodi ya nyumba hawezi kukaba dakika 90. Na kwa kocha wa kigeni, FIFA ina kanuni za ajira ya makocha tangu Januari 2021. Klabu ikishaamriwa kulipa deni lake, ina siku 45. Ikishindwa inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji hadi madirisha matatu mfululizo. Vilabu vikubwa vya Nairobi vimewahi kufungiwa usajili kwa madeni ya namna hii. Kumfukuza kocha kwa hasira baada ya mechi tano ni gharama ambayo timu hii haina uwezo wa kuibeba.

Mtasema mashabiki hawana subira, na kwamba sisi ndio tunaowalazimisha kufukuza makocha. Ni kweli kelele zipo, na zitakuwepo tukifungwa. Basi tukubaliane kipimo kabla ya ligi kuanza. Baada ya mechi kumi tuangalie, mbali na pointi: tunafungwa mabao mangapi katika dakika 20 za mwisho, tunapiga mashuti mangapi yanayolenga lango, wachezaji wangapi wako nje kwa misuli, na vijana wangapi wa mtaani wamepewa dakika. Hayo yakienda vizuri na pointi zikachelewa, kocha abaki na sisi tutamtetea jukwaani. Yakienda vibaya pia, aitwe, aulizwe, apewe muda wa kurekebisha kwa maandishi.

Mtasema pia kwamba ufundi si kazi ya mashabiki. Mji huu ulitoa klabu ya Feisal, mabingwa wa taifa 1965, na tangu hapo ubingwa wa ligi haujarudi Pwani. Majirani zetu Bandari walishika nafasi ya pili kwenye ligi msimu wa 2018/19, na mwaka huo huo wakatwaa ngao, yaani kombe la mtoano la taifa, na kucheza mashindano ya Afrika. Watu wanaojaza viwanja vyetu wamekulia kwenye mpira huu na wanaujua.

Tunachoomba ni haya, katika siku 14 kuanzia leo. Toeni waraka uliosainiwa na Mwenyekiti unaosema kwamba kikosi, mabadiliko na mapendekezo ya usajili ni ya kocha mkuu peke yake, na hakuna mjumbe atakayekaribia benchi wala chumba cha kubadilishia nguo siku ya mechi. Tangazeni tarehe ya mshahara ya kila mwezi. Anzeni kazi kwenye lango la barabarani. Ajirini kocha wa makipa na mtu wa tiba. Pangeni safari za mkondo wa kwanza na mzichapishe. Na muitishe mkutano wa mashabiki, kocha akiwepo, mahali ambapo watu wa Likoni wanaweza kufika na kurudi kabla ya feri kuwa shida.

Kwa upande wetu tutalipa kiingilio getini bila kuruka ukuta, hatutarusha chupa, hatutaingia uwanjani mechi ikiisha vibaya, na siku ya kupanda ukoka tutaleta majembe na watu wa kufanya kazi. Siku 14 zikipita bila jibu, wanachama wataomba mkutano maalum kwa mujibu wa katiba ya klabu, na haya yote yatakuwa ndiyo ajenda.

Tunaomba jibu liwe la maandishi na libandikwe kwenye lango la uwanja.

Wenu kwa heshima,

Mashabiki na wanachama wa timu,
Mombasa.

Nakala: Kocha Mkuu, Nahodha wa timu.